Mhunzi Wangu Anapanda Ngazi, Mkono Wangu Haufunguki

Bibi, shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, uniwie radhi kwa mwandiko, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila kwanza unisikilize mpaka mwisho maana maji yamenifika shingoni na Jumatatu haiko mbali.

Mimi ni seremala, na pale karakana wananiita Fundi Milango, kwa sababu vitanda na makabati wanatengeneza wote lakini mlango mzito wa mbao ngumu, ule unaofunga bila kelele na kufunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja, huo lazima upite mikononi mwangu, na sisemi hivyo kwa majivuno Bibi, ndivyo ilivyokuwa mpaka siku fremu moja ilipochomoka kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ikaniangukia mkono wa kulia ukiwa juu ya meza ya kazi, ikaviponda vidole vyote, kidole gumba tu ndicho kilichosalimika. Hospitali waliziunga kano zilizokatika, wakanifunga, wakaja wakanifungua, na dada mmoja wa mazoezi ya viungo akanikalisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananilia masikioni, kwamba vidole hivi vina tabia ya kujikunja, ukiviacha vitazoea, na vikishazoea vitakataa kunyooka, kwa hiyo kila siku nivitie kwenye maji ya moto, nivifungue, nivifunge, nilaze kiganja juu ya meza nikikandamize hata kama kinauma. Akasema nitaona mabadiliko kidogo kidogo.

Bibi, hayo mabadiliko mimi sikuyaona. Nilikandamiza nikatokwa jasho, nikameza machozi ili mke wangu asiyaone, na kesho yake mkono ni ule ule, na keshokutwa ni ule ule, tena siku nyingine baada ya kujikaza sana naamka umevimba na kukaza kuliko jana, mpaka najiuliza hivi mimi napanda au nashuka, na hakuna wa kunijibu maana mkono hausemi.

Sasa nilipokuwa bado nimelazwa, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa utani sana, alikuja kunitazama akaniambia fundi asiye na kazi ataanza kuzungumza na mbu wa ukutani, akaichukua simu yangu akanitilia mchezo, akasema upitishie muda. Kwenye mchezo ule unapewa mtu. Unamchagulia sura, unamchagulia ndevu, unampa jina, mimi nilimwita Milango, na mtu huyo anaanza hana hili wala lile, yuko peku, anaokota mawe mtoni. Akiokota ya kutosha anapata nyundo ya mbao, akigonga sana nyundo ya mbao inakuwa ya chuma, na pembeni ya kioo kuna mistari mitatu, mmoja wa nguvu, mmoja wa subira, mmoja wa wepesi wa mkono, na kila anachofanya, hata kiwe kidogo namna gani, mstari unaongezeka rangi na wewe unaiona inaongezeka, na ukijaa kengele inalia, jamaa anainua mikono juu anang'aa, amepanda ngazi, amepata chombo kipya na anaweza kufanya jambo ambalo jana lilimshinda. Na harudi nyuma, Bibi. Hata akishindwa kazi, alichokwisha kukipata ni chake. Leo hii ni mhunzi, ana tanuri, ana aproni ya ngozi, watu wa mji ule wa kwenye kioo wanampisha njia, na mstari wake wa wepesi wa mkono umejaa mpaka pomoni, na mimi mwenye mkono siwezi kufunga kifungo cha shati.

Mke wangu anapiga pasi kwa dobi, anatoka asubuhi watoto wakishakwenda shule, ananiachia beseni la maji ya moto na taulo, ananiambia haya baba watoto, viamshe hivyo vidole. Akifunga mlango nasema acha nimalizie kazi hii moja ya tanuri ndipo nianze mazoezi, nikiimaliza naona nyingine imebaki robo, nikiimaliza hiyo mstari wa subira umebakiza kiduchu ujae, na mimi ni seremala, siwezi kuondoka nikaacha msumari nusu ndani nusu nje. Nikija kushtuka maji yamepoa. Basi nalichovya taulo, nalibana kwa goti nalikamua kwa mkono mmoja, nalianika dirishani ili mke wangu akirudi alikute limelowa. Ndiyo, nimefika hapo, namdanganya mwanamke mwema kwa taulo.

Lakini kosa lenyewe hasa ni hili. Kwa kuwa mkono wa kulia hauwezi kubonyeza, nimekuwa nauwekea simu ndani, vidole vinaikumbatia, na wa kushoto ndio unaocheza. Mkono wangu nimeufanya kishikio cha simu, siku baada ya siku, asubuhi mpaka mchana, na sasa umekaa umbo la simu, gumba huku, vidole kule, na hata simu ikiwa haipo nafasi yake ipo.

Jioni moja mke wangu aliniambia hebu jaribu kushika kikombe. Nikakisogeza kikombe kikaingia kwenye ile nafasi, kikakaa kama kimepimiwa. Bibi, mke wangu alikaa chini. Alicheka huku analia, akanishika kichwa, akasema, "Si nilikwambia? Si nilikwambia vitashika?" Ningesema pale pale ingekuwa neno dogo, nikanyamaza, naye akatoka nje akampigia simu tajiri wangu, mwenye karakana, kumpa habari njema.

Tajiri ni mtu wa maneno machache. Alikuja nyumbani mwenyewe, hakukaa hata kitini, akaniambia imekuja kazi ya milango ya jengo zima la zahanati, mbao tayari ziko chini, na kwamba Msumari, kijana mmoja mahiri tunayefanya naye kazi, ameshaiulizia meza yangu mara mbili. Akasema, "Mlango wa kwanza nimekuwekea wewe. Jumatatu njoo uwashe mashine." Mke wangu akamshukuru mpaka mlangoni.

Wewe huenda hujaiona mashine ya randa, Bibi, nikueleze. Ni meza ya chuma, katikati ina mwanya, ndani ya mwanya kuna visu vinazunguka huvioni kwa kasi. Unausukuma ubao kwa mikono miwili, ubao unapita juu ya visu, na unapokaribia mwisho mkono lazima uachie. Ufundi wote uko hapo, kwenye kuachia. Basi juzi mke wangu akiwa kazini nilijipima kwa ufagio. Nikaukamata mpini kwa ule mkono, nikasukuma kama nasukuma ubao, nikajiambia haya, achia. Haukuachia. Nikasema achia, nikavitazama vidole vyangu kama natazama vya mtu mwingine, mpini umo ndani, ikabidi niuchomoe kwa mkono wa kushoto. Jirani akapita dirishani akaniuliza kwa utani leo umekuwa mfagiaji, nikacheka naye, na baada ya hapo, utaniona sina akili, nilikaa nikafungua mchezo, maana kule najua nitafanikiwa kitu.

Mhunzi wangu amebakiza kidogo tu afungue karakana yake mwenyewe. Nami nimemwahidi tajiri nitakuja. Nikisema ukweli mke wangu atajua kicheko chake kilikuwa cha uongo, na meza yangu itakwenda kwa Msumari. Nimefikiria nikienda mapema kabla wenzangu hawajafika, nikasukuma kwa kushoto na kuusindikiza tu kwa kulia, labda itapita. Bibi, kwa nini siwezi kuuacha mchezo wa kitoto na mimi ni mtu mzima? Na je, Jumatatu niende?

Wako,
Fundi Milango

BIBI ANAJIBU

Marahaba. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye damu ndani yake. Usiende kwenye mashine. Hata ukiishia kusoma hapa ukalitupa gazeti, hilo umelisikia. Nilisomewa barua yako asubuhi, chai ikanipoa mbele, nikamwambia mhariri iruke foleni. Wale waliogombana na wakwe zao watanisamehe, wakwe hawana visu vinavyozunguka.

Eti ukiwahi kabla ya wenzako, eti usindikize kwa kulia. Mjukuu wangu, wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ufundi wote uko kwenye kuachia, na mistari michache mbele ukaniandikia kwamba mkono hauachii. Sasa unataka mimi nikujibu nini? Ulishajijibu, ila hukujisikia kwa sababu kengele za simu zilikuwa zinalia. Na mapema kabla watu hawajafika ndiyo mbaya zaidi, maana atakayekuja kuzima mashine ni nani? Hapo nimekasirika, na nitabaki na hasira mpaka nisikie hukwenda.

Haya, sasa kaa tuzungumze, maana na huruma nakuonea.

Unauliza kwa nini mtu mzima anashindwa kuacha mchezo wa kitoto. Mimi sipendi kumsema mtu kwa jambo nisilolijua, kwa hiyo nilimwambia mjukuu wangu wa kike anitilie huo mchezo nionje. Akanitilia. Nikampa yule mtu wangu jina la Kichwa Kigumu, kumkumbuka marehemu babu yao, nikamweka mtoni aokote mawe. Nikasema nitaokota kidogo nione kilichomo. Akaokota, rangi ikapanda, akapewa nyundo. Nikasema haya, nione nyundo inafanyaje. Mjukuu akaniita jikoni sufuria inakauka, nikamjibu "ngoja kidogo." Mimi huyu, ambaye nyumba nzima inajua "ngoja kidogo" ni neno la kumfanya mtu avutwe masikio. Sufuria iliungua, na Kichwa Kigumu alikuwa amebakiza kidogo apate viatu. Nikairudisha simu kwa mwenyewe, nikaenda kusugua masizi, na wakati nasugua nilikuwa nafikiria vile viatu. Basi nikajua mtoto wa watu hajaugua uvivu. Kakutana na kitu kilichotengenezwa na watu wenye akili.

Angalia walivyokupata. Wenzetu walichukua msemo wetu wa bandu bandu humaliza gogo, wakautilia rangi na kengele. Tangu zamani watu wanafanya jambo kidogo kidogo, lakini gogo halikuambii umebakiza kiasi gani. Unachonga tu, kwa imani. Mchezo unakuambia. Kila unachotia unakiona kinahesabiwa, pale pale, kabla hujafuta jasho. Mwanzoni unakulipa haraka, jiwe moja, kengele, jiwe jingine, kengele, mpaka ukolee. Ukishakolea, ngazi zinaanza kuwa ndefu, kengele zinaachana, na wewe huoni kwa sababu umeshazoea kusubiri. Na kamwe hawakupi mahali pa kutua. Kila kazi ikiisha nyingine imeshafika katikati, kama mwenye duka anayekufungia chenji pamoja na pipi ili kesho urudi. Wewe seremala usiyeacha msumari nusu, walikuona kwa mbali.

Halafu wakakupa mtu. Hilo ndilo kali zaidi. Wangekupa mistari na rangi tupu ungechoka mapema. Wamekupa mtu umchague ndevu, umpe jina lako mwenyewe, umkute peku umvishe viatu, umkute mnyonge umlee mpaka watu wampishe njia. Mwana wa kulea ni mwana. Sasa ukitaka kuzima simu unajiona kama unamfungia mtoto nje, na kazi yote uliyomfanyia inakulilia. Kumbe mtoto mwenyewe akiachwa wala hajui. Atasimama na nyundo yake hapo hapo, hana njaa, hana homa, hana habari na wewe.

Na ukamlea mhunzi mwenye wepesi wa mkono. Hukwenda kulea mwimbaji, hukwenda kulea mfanyabiashara. Unadhani mimi sikuliona hilo? Mkono wako ulipolala, ulikwenda kuutafutia mwenzake aliye hai. Nililia kidogo hapo, na nikishalia huwa nasema maneno magumu, kwa hiyo jiandae.

Nakuuliza, ulipoingia karakana mara ya kwanza ulianza na mlango? Ulianza na ufagio. Ukafagia mpaka wakakupa msasa, ukasugua mpaka wakakupa msumeno, ukakata vibaya ukagombezwa, ukakata vizuri ukapewa kazi ya kuunga mbao, na siku moja, wala hujui ni siku gani, watu wakaanza kukuita Fundi Milango. Ngazi zile ulizipanda kwa miguu yako, bila kengele. Kiu uliyonayo ya kuona kitu kinakua ndiyo iliyokufanya fundi, na sitakuambia uione haya. Fremu ilipokuangukia ilikurudisha chini ya ngazi, mahali pa ufagio, na ni uchungu mtu kurudi kwenye ufagio akiwa ameshaitwa fundi. Shemeji akaja na ngazi ya mkononi, ukaipanda hiyo. Nani asingepanda?

Lakini imekupandisha ukutani. Wepesi wa mkono uliojaa pomoni hauwezi kukufungia kifungo cha shati. Huo ni ukoka, mjukuu wangu, umevishwa kilemba cha ukoka na umekipokea kwa mikono miwili, mmoja wao mgonjwa. Na wakati yule anapata aproni, kiungo chako cha kweli kilikuwa kinajifunza umbo la simu. Mkono nao unajenga tabia, kidogo kidogo vile vile, kila siku unaongezeka. Huo nao ulikuwa mchezo, na ulikuwa unaucheza vizuri sana bila kujua.

Sasa nisikilize, na unifanyie hivi nilivyosema, usije na vya kwako.

Leo mke wako akirudi, kabla hajavua viatu vya kazi, kaa mbele yake uweke mkono juu ya meza. Usianze hadithi ya shemeji, usianze hadithi ya mhunzi. Mwambie, "Haufunguki." Kisha jaribu kuufungua mbele yake mpaka aone mwenyewe. Pengine atakasirika, na akikasirika mwache, ana haki zote, mwanamke anasimama kutwa na pasi ya moto halafu wewe unamchezea. Unaogopa kicheko chake kitageuka uongo. Hapana, kicheko kilikuwa cha kweli, mwongo ni kikombe. Na kama unadhani kumnyima habari hii ni kumlinda, basi fikiria atakavyoipata Jumatatu, kwa simu ya karakana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha mazima mazima mkono uliounganishwa na mwili wako, kitu kinachokaa mezani kila mlo.

Mkishamaliza, kesho mwende wote wawili kwa yule dada wa mazoezi. Umweleze la simu, usiliruke kwa aibu, maana bila hilo atashangaa mkono umekuwaje. Atakugombeza. Yuko sawa. Yeye ndiye atakayejua kama vidole vinanyooka kwa mazoezi, au kwa kifaa cha kuvifunga usiku, au kwa kupasuliwa tena, mimi hilo silijui na jirani yako halijui na shemeji yako ndiyo kabisa. Usipakwe mafuta ya mtu. Usivutwe vidole na mtu mwenye nguvu anayejifanya mjuzi.

Halafu muulize kama unaruhusiwa hili. Uchukue ubao mweusi mlaini, upake kiganja unga wa chaki, ukilaze juu ya ubao, ukandamize kadiri atakavyokuambia, kisha uinue utazame. Najua utakachokiona. Utaona ncha za vidole, utaona kisigino cha kiganja, na katikati pamebaki peusi, hapo ndipo simu ilipokuwa inalala. Usiufute. Juma likipita chukua ubao mwingine ulaze tena kiganja, uuweke pembeni ya ule wa kwanza. Ulilalamika mkono hausemi. Ndiyo utakavyosema. Wenye mchezo walikuwa na jambo moja la kweli, kwamba mtu anaendelea akiona anapokwenda, na jambo la kweli tutalichukua hata kwa mwizi. Lakini sitakudanganya kama wao. Kuna juma peusi patapungua, na kuna juma patarudi kuwa pakubwa kuliko juma lililopita, maana mwili unakwenda mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta kwao. Juma hilo la kurudi nyuma ndilo litakalokutafutia simu. Siku hiyo mwambie mke wako akae nawe mpaka umalize kukandamiza, na asiseme kitu cha kukufariji, akae tu.

Na mhunzi wako. Usimfute kwa hasira, nawajua nyie, mnafuta asubuhi na kabla jua halijazama mmemrudisha. Mwite shemeji, mpe mchezo wote na jina lake auhamishie kwenye simu yake, na umwambie mtoto huyu ni wako ulimleta mwenyewe, mlee. Akifungua hiyo karakana yake asikuambie. Najua hapo kifua kimekubana. Kitabana siku kadhaa. Hakijaua mtu.

Limebaki la tajiri. Usisubiri Jumatatu, na usimtume mke wako, alishatumwa mara moja na uongo wako na inatosha. Nenda mwenyewe kabla mbao hazijapangwa, umwonyeshe mkono, umwambie ulisema ndiyo wakati jibu lilikuwa hapana. Umwombe kazi ya macho. Mtu wa milango anaweza kusimama akaangalia fremu imekaa sawa au imepinda, anaweza kuchagua mbao, anaweza kumwambia Msumari hapo umekosea kabla hajaharibu. Ndiyo, Msumari. Mfundishe. Najua ni kidonge kichungu kumeza, na kijana atakutania, na wewe mtanie. Pengine tajiri atakubali. Pengine atakuwa na haraka ya zahanati, atakuambia hana nafasi ya mtu wa kusimama, na meza atampa mwenzako, nawe utatoka pale ukiwa huna kazi na huna mhunzi. Siwezi kukuahidi kwamba hilo halitatokea, na ndiyo maana nakuomba mke wako awe ameshajua, ili njia ya kurudi nyumbani iwe na mtu mwishoni.

Akikuambia mlango wa kwanza utapewa mwingine, mjibu aupe. Milango watu hawataacha kuihitaji. Mkono wa kulia unao mmoja, na haukui kwenye kioo.